Joto na Mlango Wake

Kasha dogo la alumini limelala mezani kando ya kompyuta mpakato, na waya mfupi umeviunganisha viwili hivyo. Halina taa ya kuvutia macho wala halitoi sauti. Ndani yake mna SSD, ubao mwembamba wa kuhifadhia data wenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na muda huu unapokea saa nyingi za video: arusi, mahojiano ya wazee, bahari iliyopigwa picha alfajiri kabla ya ngalawa kutoka. Mkono ukipita juu ya kasha bila kukusudia, unashtuka. Ni la moto. Haliunguzi, ila ni moto wa kitu kilicho kazini, na mtu anayelitumia kwa mara ya kwanza hujiuliza: je, limeharibika? Swali hilo ni dogo, lakini nimelibeba kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake naliona jingine kubwa zaidi. Kwa nini kuhifadhi, kazi tunayoidhania kuwa ya utulivu kuliko zote, kuzae joto?

Tumezoea kuiona hifadhi kuwa pumziko. Barua ikishatiwa sandukuni imetulia; kitabu kikishapangwa rafuni hakidai kitu. Lakini hifadhi ya mashine imekuwa kazi ya nguvu tangu mwanzo wake. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, ambayo diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka pamoja ndani ya chombo cha uzito wa tani nzima, ili ziweke herufi zipatazo milioni 5. SSD ya terabaiti 1 inayoingia kwenye kasha la mezani hubeba mzigo huo mara laki mbili, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 10. Sahani zimeondoka, mota imeondoka, mvumo umeondoka. Umebaki umeme unaopita kimya, na humo ndimo joto linamozaliwa.

Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, wakiwa Bell Labs nchini Marekani, walieleza namna ya kunasa elektroni kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na kihami pande zote. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba nchini Japani walitangaza mpangilio wa seli uitwao NAND, ule ambao hadi leo umo ndani ya simu zetu, kadi za kamera zetu na SSD zetu. Kuandika katika seli hiyo ni kuzisukuma elektroni zipenye ukuta ambao kwa kawaida haupitiki. Kusoma ni kuuliza kama zimo. Kufuta ni kuzitoa, na hazitolewi seli moja moja. Hutolewa bloku nzima kwa mpigo. Juu ya yote hayo yupo msimamizi, chipu ya kidhibiti, inayojua kila kipande kimewekwa wapi, inayosahihisha makosa na kuhamisha data huku na huko ili seli zichakae kwa usawa. Mara nyingi kidhibiti hicho ndicho kinachotangulia kupata moto. Kila picha ya mtoto inayohifadhiwa, kila sauti ya marehemu, imesukumwa kwa nguvu kuvuka ukuta na kufungiwa upande wa pili. Hatukuiweka tu, tuliilazimisha ibaki.

Fizikia ina neno zito zaidi juu ya jambo hili. Mwaka 1961 Rolf Landauer, mwanafizikia wa IBM, alionyesha kwamba kufuta habari, hata biti moja, hakuwezekani bila kutoa kiasi fulani cha joto. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, na chipu za leo hutoa joto linalokizidi kwa mbali sana. Hata hivyo kipo, na hakuna ufundi utakaokiondoa. Mwaka 2012 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walikifikia kwa majaribio na kukithibitisha. Wazo hilo halinitoki. Kumbe kusahau nako kuna bei, na bei yake hulipwa kwa joto. Anayefuta ukurasa ili aandike upya hutokwa na jasho, hata ukurasa ukiwa wa silikoni. Labda ndiyo maana mtu anayesema amekwisha kusahau ugomvi wa zamani mara nyingi hulitamka neno hilo na uso umewaka.

Kwetu pwani tuna elimu ya kale kuhusu joto. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa matumbawe na chokaa: kuta nene, vyumba virefu na vyembamba ambavyo upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, vichochoro vinavyojitengenezea kivuli. Mafundi wake walijua adui yuko nje. Wakaweka unene kati ya mtu na jua, na ndani kukabaki ubaridi hata saa saba mchana. Mwenye elimu hiyo akikabidhiwa SSD anaweza kushawishika kuijengea nyumba ya namna ileile, nene na iliyofungwa, ya plastiki au mpira, akiamini ameikinga. Hapo mambo hugeuka. Joto la SSD halitokani na jua. Kikulacho ki nguoni mwako: moto umo ndani, umezaliwa na kazi yenyewe, na kila unene unaouongeza kati yake na hewa ya chumba ni mlango unaoufunga. Ukuta wa Lamu ulijengwa joto lisiingie. Ukuta wa kasha hujengwa joto litoke. Kabla ya kujenga, inampasa mjenzi aulize moto unatoka upande gani.

Njia ya joto hilo ni fupi na ina vizuizi. Kutoka kwenye kidhibiti hupanda hadi kwenye kile kipande laini kinachokuja na kasha, cha kijivu au buluu, ambacho kazi yake ni kuziba nafasi na kupitisha joto. Kutoka hapo huingia kwenye alumini. Alumini hulisambaza mwilini mwake kote, na hewa ya chumba hulipokea. Kiungo kimoja kikikatika, safari imekwisha. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, na alumini huizidi kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo pengo la unene wa ukucha kati ya SSD na kifuniko, au utando wa plastiki usiobanduliwa kwenye kile kipande laini, hutosha kulifanya kasha zuri lisifae kitu. Hapa ndipo mkono unapodanganyika. Kasha lililo baridi huku SSD imo katika kazi nzito huenda limelifungia joto ndani. Lile la moto huenda ndilo linalotimiza wajibu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata yetu ni kihisi kilichomo ndani ya SSD yenyewe, ambacho programu ndogo za bure huweza kukisoma pale ambapo chipu ya kasha inaruhusu, na ruhusa hiyo pekee ni sababu ya kulipenda kasha moja kuliko jingine. Kihisi kikisema nyuzi 60 wakati kiganja kinalalamika, hakuna baya, kwa kuwa SSD nyingi za kawaida zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 70. Kikisema 80 na kasha ni vuguvugu tu, basi utulivu wa nje umefunika taabu ya ndani.

Malezi yetu yamesifu sana uso usioonyesha kitu. Tumewaheshimu wale wanaobeba mengi bila kusema, na heshima hiyo wanaistahili. Lakini nikifikiria njia ya joto, namfikiria bibi anayezijua nasaba za ukoo mzima: nani amezaliwa na nani, shamba la minazi liligawanywaje, nani alimkosea nani na akasamehewa msibani. Kila mwenye swali humwendea. Kila mwenye siri humwekea. Humkuta ametulia barazani, ukili mkononi, akisuka mkeka, na utulivu wake tunauhesabu kuwa ushahidi kwamba mzigo haumchomi. Hatujamuuliza yeye humwendea nani. Hatujui kata yake ni ipi. Karani wa masjala, muuguzi wa zamu ya usiku, kaka mkubwa aliyebaki nyumbani na wazee, wote ni watunzaji, na mara nyingi tumewachagua kwa sababu hawaonyeshi moto. Pengine tungepaswa kuwachagulia mazingira ambamo moto wao una pa kutokea.

Makasha mengi huuzwa yakiwa yamevishwa silikoni ili yasiumie yakianguka. Ni kinga ya kweli, na safarini ina faida yake. Lakini mezani, faili kubwa zinapohama, kinga hiyo hulizuia joto lisitoke. Basi kinga nayo ina wakati wake: ivae ukiwa njiani, ivue ukiwa kazini. Kasha lenye mbavu hupoa vizuri zaidi likisimamishwa, mbavu zikielekea juu, kwa kuwa hewa iliyopata moto hupenda kupanda na kuipisha nyingine. Halifai kuwekwa kitandani juu ya shuka, wala mbele ya tundu ambalo kompyuta mpakato hutolea hewa yake ya moto. Feni ndogo iliyojengwa ndani hushusha nyuzi, ila huvuta vumbi, na pwani huvuta pia unyevu wenye chumvi. Kisha ni kitu kinachozunguka, na kinachozunguka huchakaa. Pangaboi la chumba, hata likizunguka polepole, husaidia bila kuingia ndani ya kasha. Tena tukumbuke kwamba joto la kasha huhesabiwa kuanzia joto la chumba. Dar es Salaam mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32 hivi. Kasha hilohilo katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya lina nyuzi 12 za nafasi, ambazo sisi tumekwisha kuzitumia kabla hata ya kunakili faili la kwanza. Ushauri mwingi unaotufikia uliandikwa na watu wenye baridi dirishani. Tuupokee kwa shukrani, kisha tuongeze hesabu yetu.

Ukiingia dukani Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utakuta makasha yamepangwa, mengine yanang'aa, mengine yana rangi ya risasi, na karibu yote yameandikwa maneno ya kasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maandishi ya USB 3.2 yanaweza kumaanisha gigabiti 5, 10 au 20 kwa sekunde, na mnunuzi inambidi aulize ni ipi. Gigabiti 10 hukupa takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde. Gigabiti 20 zinahitaji kompyuta inayozielewa. Nyingi hazizielewi, na kasha huteremka hadi 10. USB4 na Thunderbolt za gigabiti 40 huweza kupita megabaiti 3,000, lakini chipu zake huwa na moto zaidi, nyingine hata zikiwa hazina kazi kubwa. Anayejua huuliza jina la chipu inayounganisha SSD na USB, iwe RTL9210 ya Realtek au ASM2464PD ya ASMedia, kabla ya kuuliza rangi. Huuliza pia kama kasha ni la NVMe, la SATA, au hupokea zote mbili, kwa sababu mbao hizo hufanana umbo na hazifanani lugha. Hulipima kasha mkononi, kwa kuwa uzito ni dalili ya metali, na plastiki iliyopakwa rangi ya fedha haina uzito wa kuonyesha.

Kisha lipo swali ambalo muuzaji hawezi kukujibia: unahitaji kasi kiasi gani? Anayetunza maandishi, picha za familia na hesabu za duka, gigabiti 10 zinamtosha na kubaki. Anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye kasha ana sababu ya kutaka 40. Hali kadhalika mwenye kompyuta ya mezani iliyokuja na nafasi finyu, mfano Mac mini ya 2024 ambayo toleo lake la msingi lina gigabaiti 256, anayetaka kufungulia kazi zake zote nje. Lakini kuitia SSD iliyoundwa kwa megabaiti 10,000 kwa sekunde ndani ya kasha la 1,000 ni kununua moto usio na kazi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kila kasi tusiyoihitaji huja na joto tunaloliokota bure, na naona sheria hiyo haiishii mezani. Tunataka habari zitufikie sasa hivi, majibu sasa hivi, mtoto asome upesi, shamba lizae upesi, na mwisho wa siku tunashangaa kwa nini nyumba nzima ina joto.

SSD yenyewe ina adabu ambayo wengi wetu tumeikosa. Ikizidiwa na joto hupunguza mwendo. Haikimbilii kuzimika wala haitupi ilichobeba. Hupunguza, hupoa, kisha huendelea. Wapo wanaoudhika wakiona namba ya kasi imeshuka, na ni haki yao kutafuta sababu, kwa kuwa si kila kushuka ni joto: SSD nyingi hupokea mzigo wa mwanzo katika sehemu yake ya haraka, na sehemu hiyo ikijaa mwendo hushuka hata kasha likiwa baridi. Lakini sababu ikiwa ni joto, nakuona kule kupunguza kuwa ni busara iliyoandikwa ndani ya kitu na waundaji waliojua kwamba kazi ya mtunzaji ni kufika na mzigo mzima. Kasi ni fadhila ya pili. Mtunzaji anayefika wa kwanza na mzigo umeungua hakufika.

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nafaka iliyokaushwa vyema walisema kweli. Akiba ya elektroni huoza polepole. Zile zilizonaswa nyuma ya ukuta huvuja kidogo kidogo, na joto huzisaidia kutoroka. Viwango vya JEDEC, chombo kinachoweka vipimo vya chipu, huitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida, hata ikiwa imefikia mwisho wa uandishi iliokusudiwa, ishike data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30. SSD mpya hushika kwa muda mrefu zaidi ya huo. Hata hivyo, kabati lililofungwa chini ya bati huzidi nyuzi 30 kwa urahisi. Cha ajabu ni kwamba joto hilohilo wakati wa kuandika huzipunguzia seli maumivu, na wakati wa kulala huzinyang'anya kilichomo. Moto una majira. Kwa hiyo kasha lililojaa halipaswi kusahauliwa katika droo ya juu kabatini. Lichomekwe mara kwa mara, lisomwe, na nakala ya pili iwe mahali pengine, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo moja tu liko hatua moja kabla ya kupotea.

Wengine watasema: kwa nini taabu yote hii, si tuhifadhi mtandaoni? Njia hiyo ina manufaa, nami naiheshimu. Lakini joto halikwepeki kwa kuhamishwa. Picha iliyoko mtandaoni imo ndani ya diski na SSD za jengo fulani, mahali fulani, na jengo hilo hupozwa kwa umeme na mara nyingi kwa maji. Kuna mtu anayeishi karibu na jengo hilo, na mto wake, na gridi yake ya umeme. Kasha la mezani lina uungwana wa kutuonyesha gharama yetu kwenye kiganja chetu wenyewe. Nazifikiria kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye muziki wa dansi, ngoma na taarab wa miongo iliyopita: kwa kanda joto na unyevu ni maadui, na kila mwaka unaopita bila nakala ni mwaka wa kupungua. Atakayezinakili zote atahitaji nafasi, atahitaji kasi, na atahitaji mahali pa kupeleka joto. La tatu ndilo ambalo bajeti husahau kuliandika.

Kwa hiyo nikimshauri mtu kuhusu kasha, humwambia aanze na kazi yake, kisha chipu, kisha metali, kisha ile njia fupi kutoka kwenye kidhibiti hadi hewani, na bei aiache mwisho. Asilikimbie kasha kwa kuwa lina moto. Aulize moto huo unakwenda wapi. Swali hilohilo sasa naliuliza kila penye kitu au mtu aliyekabidhiwa kumbukumbu za wengine: maktaba, masjala, mzee wa ukoo, mwalimu, mtoto wa kwanza. Kutunza ni kazi, na kazi huzaa joto, na hakuna aibu katika joto hilo. Aibu ni yetu sisi tunaoendelea kuongeza mzigo pale ambapo hatujaacha hata mlango mmoja wazi.